Msalaba wa Masika

Kwa Wanande mtoto hachaguliwi jina, anahesabiwa. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu ni Kavuo, na hata huyo wa kwanza akifa siku aliyozaliwa, wa pili hapandi cheo. Atabaki Kavira mpaka kaburini. Ndiyo maana Keren Kavira, aliyelelewa Bwera upande wa Uganda kama binti mkubwa wa nyumba, alitembea maisha yake yote na pengo mbele yake, na kila aliyesikia jina lake aliliona. "Na Masika je?" watu waliuliza. Keren akajibu alivyofundishwa na mama yake, Agar: Masika alikufa mdogo, huko Kongo, kwa surua. Watu wakasema pole, na maneno yakaishia hapo.

Yaliishia hapo Bwera. Butembo hayakuishia hapo.

Alifika Butembo mwezi wa tisa. Kanisa lao la Kiprotestanti lilimpatia nafasi ya mwaka mmoja kusoma kilimo na kunyoosha Kifaransa, na chumba akapewa kwa Mama Florentine, mjane Mkatoliki, muuza vitenge, mwanamke asiyejua kusema neno kwa sauti ya chini. Wanafunzi wenzake walimwita Mganda, eti anatamka Kifaransa kama mtu anayetafuna muwa, ingawa Kinande chake kilikuwa safi kushinda chao. Aliwacheka nao wakamcheka. Asubuhi baridi ilimuuma vidole, jioni alikula fufu na sombe, na Jumamosi alipanda pikipiki kwenda Kipese kuona mashamba ya viazi na poro, vitunguu vya majani marefu, yaliyoning'inia milimani. Alipiga picha, akamtumia mama yake. Mama alisifu viazi, alisifu poro, na kila mara alimalizia na swali lile lile.

"Beni hujaenda?"

"Bado, mama. Banasema barabara ni mubaya."

"Muzuri. Hapana kwenda."

Keren alidhani ni woga wa mama yeyote, maana barabara ya Beni, kwa waasi wake, imekula watu na hakuna anayebisha. Ee, alidhani. Kudhani ni bure, halipishwi mtu.

Sikukuu ya Wafu ikakaribia. Mama Florentine alikuwa uani ananoa jembe la kusafishia kaburi la mume wake, akamwita mpangaji wake.

"Kavira, yaya yako, ule Masika mukubwa wako, walimuzika wapi?"

"Sijue, mama. Ni huku Kongo tu."

Jembe likasimama. "Sijue? Mawe, mama we! Uko na miezi mbili unakula fufu ya inchi yenye yaya yako amelala, na hujamupigia hodi? Sisi hatufanyake vile. Hata kama muko ba-Protestant. Muulize mama yako, na uende."

"Mais, lakini mama, kaburi ya mutoto, miaka yote ile…"

"Kaburi ya mutoto ni kaburi! Wewe ni Kavira juu yeye alikuwa Masika. Alikutangulia mu tumbo moja. Uende umusalimie, umusimikie musalaba, ukuwe na amani."

Keren hakuwa mtu wa misalaba, lakini neno lile la tumbo moja lilimwingia. Usiku alilala nalo, akaamka nalo. Alijikuta anamtaka dada yule, hata kama ni kilima cha udongo tu. Alitaka kupiga magoti mahali na kusema yaya, nimefika. Tangu utoto alikuwa wa pili bila wa kwanza, na alichoka.

Akampigia mama yake. Mama akasema mtandao ni mbaya, akakata. Kesho yake akasema yuko sokoni. Siku iliyofuata akasema, "Unatafuta nini na bafu, mwanangu? Bafu bamepumuzika."

"Mama, nataka tu kujua pahali."

Keren akatazama simu kuona kama haijazimika.

"Bungulu, pa Beni," mama akasema mwishoni, na sauti ilitetemeka. "Uulize kwa Lusenge, baba yake, nyuma ya kanisa. Mais ile kaburi ilishapoteaka, Kavira. Utatafuta bure." Halafu, kama mtu anayejisukuma mwenyewe mgongoni: "Kama unaenda, basi uende."

Keren alilia kwa ajili ya sauti ile. Maskini mama, alisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Walisema kweli waliosema hivyo, ila hawakumjua Agar.

Fundi Maliro, seremala wa jirani, akachonga msalaba wa mti wa mkaratusi, akaupaka rangi nyeupe. Akauliza tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Keren hakujua hata moja.

"Haina shida," Maliro akasema, "tutaacha nafasi. Kule Beni misalaba ya bila tarehe ni mingi, hakuna mutu atakuuliza." Akaandika kwa rangi nyeusi, kwa mkono mzuri wa mtu aliyeandika majina mengi mno: MASIKA. Na chini yake: Ulale na amani.

Jumamosi asubuhi Keren alipanda pikipiki, msalaba umefungwa mgongoni kwa kitenge cha Mama Florentine. Njia nzima watu walivua kofia. Pale Maboya mwanamke mmoja aliweka chini kikapu chake akapiga ishara ya msalaba. Kwenye barrière askari, ambaye siku nyingine angemsumbua Mganda huyu mpaka alie, alitazama mgongo wake tu akauliza kwa Lingala, "Nani akufi?"

"Yaya yangu," Keren akajibu.

"Pole, leki na nga. Leka." Yaani mdogo wangu, pita. Akainua mti wa kizuizi mwenyewe.

Keren alipita na machozi. Kumbuka hilo: alilia machozi ya kweli njia nzima, kwa heshima zote, na nchi nzima ikamsindikiza.

Aliowauliza njia Bungulu hawakumpoteza. Kwa Lusenge? Nyuma ya kanisa, pale moshi unapotoka, pale bamotari ba pikipiki banakulaka. Akakuta kibanda cha mabati, mabenchi mawili, na sufuria kubwa ya maharagi juu ya mafiga. Mwanamke mwembamba, mtoto wa kike kamfunga mgongoni, alikuwa ameinama anapuliza moto uliokataa kuwaka.

"Wasibire, yaya," Keren alisalimu kwa adabu, magoti yamekunjwa kidogo. "Samahani kukusumbua. Niko natafuta kwa Lusenge."

"Lusenge alishakufaka. Hapa ni kwake. Unatakaka nini?"

"Nilikuya kuona kaburi ya binti yake. Ile ya mutoto. Masika."

Mwanamke akainua kichwa. Alimtazama Keren, halafu akatazama kile kilichokuwa juu ya bega lake, kimefungwa na kitenge, mkono mmoja mweupe umechungulia nje.

"Masika ya Lusenge na nani?"

"Na Agar."

"Fungua."

Keren akafungua. Mwanamke akajipangusa mikono kwenye nguo, akaushika msalaba, akasoma jina polepole, akasoma na maneno ya chini. Akapitisha kidole pale palipoachwa nafasi ya tarehe.

"Hapa hamukuandika," akasema. "Mulikuwa mungali munangoya?"

"Yaya, sijaelewa…"

"Masika ni miye."

Wewe uliyekaa kwako salama, usijidai unajua ungefanya nini. Keren alitaka kucheka, alitaka kukimbia, akataka ardhi ya Bungulu ipasuke immeze na ule mti wake. Aliona paji la uso la mama yake. Aliona masikio ya mama yake, yale yale madogo yaliyolala. Akaanguka kwa magoti, na neno alilolibeba kutoka Butembo kwa ajili ya kaburi likamtoka mbele ya mtu aliye hai: "Yaya, nimefika."

"Nani alikuambia nilikufa?"

"Mama."

"Mama ya nani?"

"Ya sisi."

Masika akaegemeza msalaba ukutani, akaketi kwenye benchi. Hakulia. Alieleza kwa sauti kavu, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Baba yake, Lusenge, alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga, hilo hakuficha. Agar akachoka. Akaenda kwao, na wakubwa wakakaa kikao: mbuzi za mahari zilitolewa zote, na zililiwa, basi kama mwanamke anaondoka na mtoto, mbuzi zirudi. Kaka zake Agar hawakutaka kurudisha hata kwato. Agar akamwacha mtoto kwa nyanya yake, akamwambia anaenda sokoni Kasindi, mpakani, atarudi na ndizi mbivu.

"Tangu siku ile sikulake ndizi," Masika akasema. "Anakaaka wapi sasa?"

Keren alitamani aseme Kampala. Alitamani aseme Ulaya. "Bwera."

"Bwera." Masika akarudia. "Bwera ile ya ng'ambo ya muto Lubiriha? Mi niliendaka Kasindi kila siku ya soko, nikiwa binti! Nilisimamaka pa ile muto, naangalia batu banavuka. Yeye anauzaka nini?"

"Vitenge. Pa soko ya Mpondwe."

"Kumbe. Siku moja moja nilivukaka kule, pengine niliuliza bei kwake." Akacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kusikia. "Na weye unaitwa nani?"

"Keren."

"Jina ya kwetu."

"Kavira."

Hapo uso wa Masika ulibadilika. Kwa mara ya kwanza midomo ilimcheza. "Kavira," akasema. "Donc, basi alinihesabu. Alikuzala weye kule, hakuna mutu anamujua, angeweza kukuita Masika na mambo iishe. Mais alinihesabu."

"Alikuhesabu, yaya! Hakukusahau! Twende wote Bwera, twende hata kesho, ni karibu…"

"Najua ni karibu!" Sauti ilipanda mpaka mtoto akaamka mgongoni. "Weye unaniambia miye ni karibu? Kama angenisahau ningemusamehe. Mutu anasahauka. Yeye alinikumbuka kila siku, kila mara aliita jina yako, na hakuvuka muto! Hata kutuma mutu kuuliza kama niko nakula!"

Masika akamfungua mtoto, akamweka mikononi mwa Keren bila kuuliza. "Shika. Ni wa kwanza, donc ni Masika sawa na miye. Jina ya ubatizo ni Agar." Akaona Keren anavyomtazama. "Nilimubatiza nikiwa ningali mujinga."

Kisha akachukua shoka nyuma ya kibanda. Akaulaza msalaba chini, akaukanyaga kwa mguu, akaupiga pale katikati penye jina. Mkaratusi mkavu ulipasuka vizuri. Akavisukuma vipande chini ya sufuria, rangi nyeupe ikachemka ikatoa moshi, halafu moto uliokataa tangu asubuhi ukashika.

"Umetoka mbali," akasema. "Utakula."

Simu ya Keren ikalia. Jina lililotokea ni Mama. Wote wawili walilitazama.

"Yaya, nimuambie nini?"

"Sikiliza." Masika akachuchumaa mbele yake, macho yamekauka. "Kama unataka nikuwe yaya yako, mulango iko wazi, ukuye kila Samedi, siku kama ya leo, nitakupikia. Mais ule mama atabaki na kaburi yake. Utamuambia umeiona. Weka haut-parleur."

Keren akaweka sauti ya nje. Soko la Mpondwe likasikika, makelele, kuku, na katikati yake pumzi ya Agar.

"Kavira? Ulifika?"

"Nilifika, mama."

"Na… kaburi, uliiona?"

Keren alimtazama dada yake. Maisha yote hakuwahi kumdanganya mama yake. "Niliiona," akasema.

Agar alijua tangu zamani kwamba hakuna kaburi Bungulu, kwa hiyo jibu lile alilielewa upesi kuliko yeyote: binti ameonekana, na binti amekataa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Makelele ya soko yalipita, yakapita, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeomba maji kwenye nyumba asiyoijua.

"Ana batoto?"

Agar mdogo alikuwa amekamata kidole cha Keren, anakivuta kukipeleka mdomoni. Masika alisimama na mwiko mkononi, hakusogea. Alitikisa kichwa mara moja.

"Mama," Keren akasema, "kaburi haizalake."

Hakusikia kilio. Alisikia mteja akiuliza bei ya kitenge, akauliza tena, na hakuna aliyemjibu. Masika akanyoosha mkono, akakata simu. Akapakua maharagi, akaweka sahani mbele ya mdogo wake, akamwambia ale kabla hayajapoa.