Koti Lisilofuliwa

Tusidanganyane: mimi nililichukia lile koti tangu siku mume wangu alipolileta nyumbani. Lilikuwa koti la zimamoto, zito kama gunia la unga, na wakati huo lilikuwa la manjano. Miaka ishirini na mitatu baadaye lilikuwa jeusi tii, linanuka moshi hadi kwenye mapazia. Nikimwambia anipe nilifue, ananicheka. "Mama watoto, unataka wenzangu wanione mgeni?"

Maana huko kituoni kwao koti safi ni la mtu ambaye hajazima hata kibiriti. Wageni walikuwa wakipaka makoti yao masizi kwa makusudi, ili wasitaniwe. Mume wangu alikuwa na koti chafu kuliko wote, basi wakamwita Masizi, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake mzazi.

Kisha akaanza kukojoa damu. Akajikaza kisabuni miezi mitano, mpaka nikamburuta hospitali. Baada ya vipimo daktari, dada mmoja mpole, akauliza kama anavuta sigara. Hajawahi. Akauliza kazi yake. Alipoambiwa, akaweka kalamu chini. "Na hilo koti la kazini mnalifua mara ngapi?"

Tukacheka sote wawili. Mungu anisamehe, nilicheka. Daktari hakucheka. Alituambia masizi yale yana sumu, na sumu hiyo inapenya kwenye ngozi na kifuani kidogo kidogo kila unapolivaa, hata kama moto wenyewe ulizimwa zamani. Ni saratani ya kibofu, akasema, na imeshasambaa.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani mume wangu akaniapisha. Watu waambiwe ana mawe kwenye kibofu, basi. "Mimi nimetoa watu kwenye moto," alisema. "Sitaki isemwe nimeuawa na uchafu." Nikaapa. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinifunga mdomo hata kwa binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa chuoni akijifunza kazi ile ile ya baba yake.

Jumapili moja alasiri binti akaja. Alikuwa amehitimu, na kesho yake alikuwa anaanza zamu ya kwanza. Mume wangu alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni, mfuko wa mkojo tumeuficha chini ya shuka.

"Baba, nilikwenda kuripoti kituoni, wamenicheka," alisema huku amenuna. "Kwa sababu ya koti langu jipya. Eti wananiita Ndizi!"

Mgonjwa wangu alicheka mpaka akashika ubavu. "Vumilia, Ndizi. Utaiva tu."

"Thubutu! Kesho navaa lako."

Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaingia chumbani, amelitoa nyuma ya mlango na kulivaa. Mikono ilimzidi. Akainua kola akainusa, macho amefumba. "Linanukia wewe, baba."

Nilimtazama mume wangu, naye akatazama ukuta.

"Sema," nikamwambia.

"Mama watoto, uliapa."

"Niliapa kunyamaza, sikuapa kumzika mtoto wangu! Sema wewe, au nasema mimi. Nahesabu mpaka tatu."

"Kuna nini?" binti akauliza.

"Moja," nikasema. "Mbili."

"Vua," akasema mume wangu. "Vua hilo koti, mwanangu."

"Si wewe ulilivaa miaka yote?"

"Nililivaa. Sasa tazama." Akafunua shuka.

Alimweleza yote: ule mfuko, saratani, maneno ya daktari. Hakubakiza kitu. Akamwambia aingie kazini na koti lake la manjano, alifue kila baada ya moto, na barakoa asiivue hata moshi ukibaki mwembamba. Atakayemcheka amlete hapa kwenye kochi ajionee. Nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi yetu.

Binti alikuwa akilia. Akafungua kifungo cha kwanza, akasita, akajaribu kutabasamu ili kumfariji baba yake.

"Mimi harufu hii naijua tangu mtoto," alisema. "Ulikuwa ukirudi asubuhi nakurukia mlangoni. Unanifunika nalo hili hili, mpaka nasinzia kifuani kwako. Unakumbuka?"

Mimi nilikuwa nimeshasahau. Kila asubuhi, miaka na miaka, niliwaona wakilala hivyo hapo hapo kwenye kochi, nikafurahi moyoni kwamba nimepata nafasi ya kupika chai kwa utulivu.

Mume wangu alijifunika uso kwa viganja. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata siku ile ya daktari.

"Kesho usiende kituoni," akasema. "Mama yako atakupeleka kwa yule daktari. Upimwe wewe kwanza."