Pateni ya Mama Musimbi

Jirani yangu Lazarus huuza vinteji yenye umri wa wiki mbili. Hushona gauni la mabega yaliyotuna, akaliosha kwa majani ya chai lipauke, kisha akalitundika mlangoni na uso wa shemasi. Nimemwambia mara nyingi kwamba hiyo ni retro, nguo ya jana inayojizeesha. Vinteji ni ile iliyozeeka yenyewe. Nimeshona hapa Eldoret miaka thelathini. Majani ya chai hayanidanganyi.

Basi Marion, mwalimu anayeolewa Desemba, alipokuja kutafuta gauni la kizamani halisi, nilisema huyu lazima awe wangu. Nilitaka harusi nzima iulize fundi ni nani, na Lazarus asikie. Nilimpeleka kwa Lazarus, nikapindua gauni moja nje ndani, nikamwonyesha mshono wa mashine ya ovaloki na zipu ya plastiki, vyote vya juzi. Kisha tukarudi kwangu nikatoa silaha.

Ilikuwa pateni ya gauni la harusi la marehemu mama yangu, Musimbi, naye fundi, aliyeolewa mwaka wa 1971. Mafundi wa enzi zake walikata pateni, vile vipande vya kufuatisha wakati wa kukata kitambaa, kwa magazeti, na hii niliikuta kwenye sanduku lake, imekunjwa vizuri, juu imeandikwa "harusi". Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuikunjua.

Marion akaanza kuisoma, maana walimu husoma chochote. Akasoma bei ya mahindi. Akasoma tarehe.

"Mama Nanzala, hii gazeti ni ya Agosti 1994."

Nilitamani ardhi inimeze. Akaniliwaza kwamba bado ni vinteji, kwani imepita miaka ishirini. Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kwa hiyo asante sana.

Nikadai mama alinakili tu ile ya zamani, nikachukua tepu nipime niokoe jina langu. Kiuno, ishirini na nane. Makalio, arobaini na mbili. Sasa, mama hakuwa na makalio. Alikalia mifupa maisha yake yote. Hayo yalikuwa yangu.

Nilikuwa nimetoroka Aprili ya mwaka huo kwenda kwa Johnstone, Burnt Forest, bila posa wala kanisa. Mama hakunitukana, hakunitafuta. Nilidhani hakujali, na nilimchukia kwa hilo mpaka tukamzika. Kumbe miezi minne baadaye aliketi akanikatia gauni, bila kunipima, na hakukosea hata inchi.

Nililia mbele ya mteja kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Marion alisubiri, kisha akauliza kama tutaanza kushona Jumatatu.

"Enda kwa Lazarus," nikamwambia. "Ni fundi mzuri. Hii iko na mwenyewe."

Jioni nilimwambia Johnstone twende tukamwone pasta. Akanishika paji la uso, akauliza kama nina malaria. Nikamwambia niko mzima, ila nina gauni langu la kushona, na kiunoni nitaongeza inchi kumi na mbili.