Chuma na Majani ya Ng'ombe

Kila alipoinuka kwenye kigoda, mama yangu, Kornelia, alisimama kwanza, mkono ukutani, akilisikiliza paja lake. Maumivu yalimpokea kwenye hatua ya kwanza na kumsindikiza hadi jikoni. Chuma cha nyonga yake ya bandia kilikuwa kinacheza ndani ya mfupa, nasi sote nyumbani tulijua kwa nini.

Nyonga hiyo aliwekewa mjini Moshi mwaka 1999. Daktari alimwonyesha chuma chenyewe kabla ya upasuaji: huku laini, huku kimepakwa chengachenga, kinakwaruza kama ukoko wa sufuria.

"Mfupa utaota humu na kukishika, mama. Ukishashika, utadumu nacho. Ila huo mguu usiukanyagie mpaka niseme mimi."

"Hata mche wa mgomba ukitikiswa haushiki," mama alijibu. "Nimeelewa."

Na alielewa, jamani! Alirudi nyumbani Kirua Vunjo na magongo yake, akatulia. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya mbali, huko Kwa Sadala; kila Jumamosi nilikuja kukata majani ya ng'ombe ya kutosha wiki nzima. Wiki moja, daktari akiwa bado hajamruhusu kuukanyagia mguu, ng'ombe alizaa, akala kupita kawaida, majani yakaisha mapema. Ng'ombe wetu hatoki bandani; asipoletewa, hali. Alilia tangu alfajiri. Baba, mzee Sirili, alikuwa amekaa nje, buheri wa afya, akimsikia. Lakini kwetu majani ni kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye mzigo wa majani kichwani angeonekanaje kilabuni? Mama aliyaacha magongo mlangoni, akateremka bondeni na mundu.

Alirudi na mzigo. Hakumlaumu mtu.

Maumivu yalipozidi mwaka hadi mwaka, tulimrudisha kwa daktari. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga.

"Mfupa haukushika," alisema. "Na sasa umeliwa, umebaki mwembamba. Siwezi kurudia upasuaji."

Siku hiyo nilimfokea baba mbele ya mama. Haikusaidia kitu.

Mama alipoacha kuinuka kabisa, tulikisogeza kitanda chake dirishani. Asubuhi moja baba alipita uani, mzigo wa majani kichwani, jasho likimtiririka. Majirani walimwona. Hakuna aliyecheka, walimpa shikamoo, wakaendelea na safari zao.

Mama alimfuata kwa macho mpaka alipoingia bandani.

"Kumbe anaweza," alisema, akageukia ukutani.