Kanuni ya Kumi na Mbili

Kila Ijumaa saa tisa alasiri karani wa klabu ya gofu alichapa upya kanuni za uwanja na kuzibandika kando ya mlango wa baa kwa pini nne. Zilikuwa kumi na moja. Ya tatu ilisema mpira ukimwendea mchezaji au mgeni wake, aliyeupiga apaze sauti: "Angalia mpira!" Wafanyakazi hawakutajwa. Ndiyo maana Jumamosi moja mwenyekiti aliuona mpira wake ukimwendea mkata nyasi kwenye shimo la saba, akanyamaza. Ulimpiga juu ya sikio. Mfupa ulipasuka kwa mlio uliosikika hadi jikoni.

Mkata nyasi alikuwa mume wa karani.

Alizikwa Jumatatu. Jumamosi iliyofuata alikuwa palepale shimo la saba, anasukuma mashine yake, kichwa kimebonyea upande mmoja. Mpira ukampiga tena, akaanguka, akatapatapa, akafa. Wiki ya pili vivyo hivyo. Kamati ilikaa ikapitisha kanuni ya kumi na mbili: mpira ukimpiga marehemu, mchezaji ana hiari ya kupiga tena bila adhabu. Karani aliichapa bila kukosea herufi.

Haukupita mwezi, wajanja wakagundua kwamba mpira ukigonga lile bonyeo unaruka kushoto na kutua hatua tatu tu kutoka kwenye bendera. Wakaanza kulenga. Mweka hazina, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kushinda hata kikombe cha plastiki, alishinda mara mbili mfululizo.

Jumamosi jioni karani alikwenda na kitambaa kumfuta mumewe damu.

"Baba watoto, si ukae tu nyumbani?"

"Nyasi zinakua, mama watoto."

"Unaumia?"

"Kila mara kama ile ya kwanza."

Karani alipandwa na hasira. Jumatatu alibisha hodi kwa mwenyekiti.

"Bwana Mwenyekiti, naomba maneno mawili tu kwenye kanuni ya tatu. 'Au mfanyakazi.' Akionywa atainama."

"Mama, pole sana. Lakini mumeo si mfanyakazi tena. Tulishamfuta kwenye orodha."

"Na alipokuwa hai?"

"Alipokuwa hai hakuomba."

Mwenyekiti hakuwa mtu mkali. Alimkaribisha chai.

Ijumaa karani alipiga moyo konde, akayachapa maneno yale mawili. Mwenyekiti, ambaye alisoma kila kitu kabla hakijabandikwa, aliyakata kwa kalamu nyekundu na kumrudishia karatasi. Basi Jumamosi karani alivaa viatu vya mvua, akaenda mwenyewe shimo la saba. Mashine ilikuwa na kelele, ikabidi asimame nyuma kabisa ya mumewe, mdomo karibu na sikio lake zima. Mwenyekiti alipopiga, karani alipaza sauti: "Angalia mpira!"

Kwa mara ya kwanza mkata nyasi aliinama. Mpira ulipita juu ya mgongo wake ukamwingia mkewe kwenye jicho la kushoto, kisha ukadundia kichakani.

Mwenyekiti na mweka hazina walifika bila haraka. Mkata nyasi alikuwa amempakata mkewe, damu inamchuruzika magotini. Aliomba gari. Mweka hazina alitoa kanuni mfukoni, akazipitia kwa kidole. Hazikusema lolote kuhusu gari.

"Huyu anaingia kanuni ipi?" aliuliza mwenyekiti.

"Ya kumi na mbili. Ila bado anapumua."

"Basi tusubiri."

Walisubiri dakika nne. Mweka hazina alifuta fimbo zake. Karani alirusha miguu mara tatu, akatulia, na mwenyekiti akarudi alikopigia, akapiga tena bila adhabu. Ulikuwa mpira mzuri.

Alizikwa Jumatano. Ijumaa karani aliingia ofisini saa mbili kamili, akamsalimia mfagizi, akafunga leso pale jicho lilipokuwa ili asichafue mashine ya kuchapia. Saa tisa alichapa kanuni zote kumi na mbili. Kwenye ya tatu aliongeza maneno yake mawili.

Mwenyekiti alisoma ukurasa kwa makini, akayakata kwa kalamu nyekundu, akamwomba achape upya.

"Na uangalie damu, mama," alisema. "Inadondokea karatasi."