Ndama wa Kikwe

Mwalimu Fransiska aliikuta kamusi ile ndogo ya Kiingereza sokoni Tengeru, nakala zake kadhaa zimepangwa kwenye turubai pamoja na madaftari. Jalada lilikuwa na jina moja tu: Arnold, mwalimu mwenzake. Miaka miwili waliiandika pamoja, kila Ijumaa baada ya vipindi, leo jina la Fransiska halimo!

Akafungua neno 'frolic'. Maana ilikuwa ile ile aliyoiandika yeye: kurukaruka na kucheza kwa furaha, hasa watoto au wanyama wadogo. Hasira zikampanda, akajikaza, akasoma mfano. Ulikuwa wa ndama wa kwao kijijini Kikwe, akifunguliwa asubuhi anaruka huku na huku, na Nice, mdogo wake Fransiska, anamkimbiza akicheka. Aliuandika wiki ile waliyomzika Nice. Arnold alimshika bega, wakalia wote.

Ndama alikuwepo. Ila aliyemkimbiza sasa aliitwa Doreen, binti wa Arnold.

Fransiska akatoa kalamu mkobani, akakata Doreen, akaandika Nice.

"Mama, unaniharibia vitabu!" muuzaji alipiga kelele.

Fransiska alikuwa ameshafungua cha pili.