Mashavu ya Mama Hewani

Wenzake pale kituo cha televisheni walimwita Brashi, na jina lilimkaa. Wanasiasa, wachungaji na mabondia walipita mikononi mwake kupakwa poda, wote wametulia tuli. Mtu mmoja tu ndiye aliyemtoa jasho, naye ni mama yake mzazi.

"We mtoto, ndiyo nini hii?" Mama alikuwa amekikodolea macho kioo. "Mashavu kama nyanya mbili! Nitapitaje barabarani hivi?"

"Hupiti barabarani, Mama, unapita kwenye kamera. Zile taa zinakula rangi. Nikikupaka ya kupendeza hapa kwenye kioo, kule utaonekana hujapakwa kitu."

Mama akasonya. Alikuwa fundi cherehani, amealikwa kipindi cha asubuhi aeleze namna ya kufufua nguo kuukuu, na siku nyingine asingejali uso wake unaonekanaje. Lakini leo Mama Mdogo, mdogo wake wa pekee, angekuwa anatazama huko mbali anakofanya kazi. Mama alikuwa ameugua miezi mingi. Mama Mdogo alishawahi kuacha kazi akaja kumuuguza, na kazi aliyoipata baadaye ilikuwa bado mbichi. Jana yake alisema kwenye simu: "Maneno yenu siyaamini. Nitamwona mwenyewe. Nikimkuta amefifia, naacha kazi napanda basi."

Na Mama alikuwa amepona kweli. Daktari alisema, na sufuria alizozikomba jikoni zilisema. Uso tu ndio ulikuwa haujapata habari. Brashi alipomwambia atabasamu ili aone pa kuweka rangi, tabasamu lilikuja lakini shavu halikupanda. Ikabidi apake kwa kumbukumbu, pale shavu lilipokuwa zamani, wakati yeye mwenyewe akipakatwa. Alipaka, kisha akainama akijifanya anatafuta poda.

"Haya, wewe ndiye fundi," Mama akasema kwa upole, akaomba kwenda msalani mara moja.

Brashi alipaswa kushtuka hapo hapo. Mama huyu hakuwahi kukubali jambo upesi namna hiyo tangu aolewe.

Kipindi kilianza, kikirushwa moja kwa moja. Brashi alisimama nyuma ya kamera, akatupa jicho kwenye skrini. Kwenye kiti alikaa mtu mwenye rangi ya majivu, mashavu yamebonyea, kama aliyetoroka wodini. Mama alikuwa ameifuta rangi yote!

Matangazo ya biashara yalipoingia tu, Brashi alikuwa ameshafika mbele yake na brashi mkononi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimepunguza kidogo."

Brashi hakubishana. Aliigeuza skrini ndogo iliyokuwa karibu, Mama akajitazama.

"Huyo mgonjwa ndiye mimi?" Mama akajishika shavu. "Atakuja, mwanangu. Ataacha kazi tena kwa ajili yangu."

"Haji. Tabasamu."

"Siwezi."

Na kweli hakuweza, uso ulikuwa umekakamaa. Mtayarishaji akapaza sauti kwamba wanarudi hewani sasa hivi. Brashi akainama sikioni kwa mama yake.

"Basi mwache aje," akanong'ona. "Aje akuimbie."

Mama Mdogo aliamini kwamba kuimba kunaponya, na sauti yake ilikuwa ya bawaba isiyoonja mafuta. Wakati ule wa ugonjwa, Mama alikuwa akifumba macho kila wimbo ulipoanza, na nyumba nzima ilishuku kwamba hajalala.

Mama akabana kicheko, kikamshinda, kikamtoka chote. Mashavu yakapanda. Yalikuwa membamba, lakini yalikuwa yale yale. Safari hii Brashi hakuhitaji kukumbuka kitu. Akapaka huku, akapaka kule, akasambaza kwa kidole, akachomoka. Kamera ilipowaka, Mama alikuwa bado anajifuta machozi, na mtangazaji naye anacheka asilolijua.

Simu ya Brashi iliita kabla hawajatoka chumba cha mapambo.

"Mnanifanya mimi kipofu?" Mama Mdogo alifoka. "Nimemwona ana rangi ya majivu, nikaanza kufunga begi. Mara, mashavu hayo! Yametoka wapi?"

Brashi akaificha brashi mgongoni, kana kwamba anaonekana.

"Na alikuwa anacheka nini?"

Mama akainyakua simu. "Nilikuwa nakucheka wewe na nyimbo zako. Mdogo wangu, unaimba vibaya, Mungu shahidi."

Sauti ya simu ilikuwa juu. Brashi alimsikia mama yake mdogo akipenga kamasi.

"Miezi yote ile nilikuimbia," sauti ikasema, "hukuwa na nguvu hata ya kunitukana."

"Sasa ninazo."

"Basi ngoja nizirudishe nguo kabatini."

Brashi akachukua pamba na mafuta amfute. Mama akamzuia mkono, akatwaa pochi yake, akatoka nayo barabarani na mashavu yake mekundu, kichwa juu, akimsalimia kila aliyegeuka kumtazama.