Edmond Alipanda Lori Mwenyewe

Wakati wa vita, Salomon alimkuta shemeji yake Edmond akipalilia viazi kijijini kwao Musienene, akamwambia kuna kazi ya useremala Beni, mtaa wa Bungulu. Edmond hakusita. Dada yake Jemima, mke wa Salomon, alimfungia chakula cha njiani, akamwagiza awasalimie watu wa Bungulu.

Lori lilipita Bungulu bila kusimama. Likaenda hadi msituni, kwenye mashimo ya dhahabu yaliyolindwa na askari. Salomon akamkabidhi Edmond na wanaume wengine waliokuwa ndani ya lori kwa askari hao, akageuza lori bila kuaga. Edmond alichimba miezi mingi. Aliyejaribu kutoroka alipigwa mbele ya wenzake. Siku shimo lilipoporomoka na walinzi wakakimbilia huko, yeye akaponyokea porini.

Alipofika Beni alimshtaki Salomon kwenye ofisi ya serikali. Chef wa bureau, yaani mkuu wa ofisi hiyo, Benoît, mtu wa Kasai, akamwita yeye, Salomon na Jemima.

“Kuna mutu alikufunga kamba?” Benoît akamuuliza.

“Hapana, chef.”

“Donc ulipanda camion mwenyewe. Kuuzisha batu ni mambo ya batoto na banamuke. Wee ni mwanaume muzima. Muende, mupatane nyumbani.”

Msaidizi wake, Delphine, akaweka kalamu chini. “Mais chef, huyu alikubali kazi ya mbao. Bunduki hakuikubali. Mutu akidanganywa, utasema alikubali nini?”

Benoît akamgeukia Jemima. “Mama, ndugu yako alijua anaenda wapi?”

Edmond alishusha pumzi. Hapo sasa ukweli ungetoka.

“Alijua ni kwa dahabu,” Jemima akasema. “Alienda juu ya tamaa yake.”

“Yaya!” Edmond akamwita dada yake. “Si wee ndiye ulinituma nisalimie batu ba Bungulu?”

Jemima alikaza kitenge kiunoni. “Salomon ndiye baba ya batoto yangu,” akasema, akitazama mlango.

Mashtaka yakaishia pale. Mapigo ya askari yalikuwa yamemuuma Edmond, lakini maneno ya dada yake yalimuuma zaidi.

Jumapili, misa ilipokwisha, Salomon alikuwa tena Musienene akipakia wanaume. Edmond akasimama mbele ya lori, akawaeleza yote. Wachache walishuka. Wengine walimzomea, lori likamkwepa, likaondoka.

Miongoni mwa walioshuka alikuwamo Abdias, ambaye mdogo wake alipanda lori hilohilo mwezi uliotangulia na hakuwa amerudi.

“Kule mu mashimo, wee ulitokea njia gani?” akamuuliza.

Edmond akachutama, akaanza kumchorea njia mavumbini kwa kidole.